Mbele ya Kiwanda, Nyuma ya Fundi: Kuyatambua Magari ya Zamani ya Nairobi Katika Picha

Magari mengi yanayoonekana katika picha za zamani za Nairobi hayapatikani katika katalogi ya kiwanda chochote. Uso ni wa Peugeot, Ford au Isuzu, lakini kuanzia mgongoni kwa dereva kwenda nyuma mna mbao, mabati na madirisha ambayo hayakuchorwa Ufaransa wala Japani. Sehemu hiyo ilijengwa katika gereji ya Nairobi na fundi ambaye aghalabu hakuacha jina. Ndiyo sababu anayetaka kulitambua gari la aina hiyo hulitazama mara mbili. Kwanza hutazama mbele, ajue lilitoka kiwanda gani na katika miaka ipi. Kisha hutazama nyuma, ajue lilijengewa bodi lini na kwa kazi gani. Anayetazama upande mmoja tu hukosea.

Bodi ya sanduku

Kujenga bodi za magari nchini hakukuanza na magari ya abiria yaitwayo matatu. Katika miaka ya 1920, walowezi na wawindaji wengi waliagiza gari likiwa nusu. Chesisi, injini, boneti na kioo cha mbele vilitoka ng'ambo, na mafundi wa Nairobi wakavijengea bodi ya mbao yenye umbo la sanduku. Bodi hiyo ilikuwa na sababu zake. Ilibeba mahema, maji, petroli na watu kwa pamoja, na ikivunjika porini, yeyote mwenye nyundo na msumeno aliweza kuitengeneza. Barabara zenyewe zilikuwa mbovu kiasi kwamba Lionel Douglas Galton-Fenzi, aliyeendesha gari aina ya Riley kutoka Nairobi hadi Mombasa mwaka wa 1926, anahesabiwa kuwa mtu wa kwanza kuikamilisha safari hiyo kwa gari. Mnara wa kumbukumbu yake ungali umesimama Kenyatta Avenue, jijini Nairobi.

Kwa kuwa bodi za sanduku zilifanana mno, kinachotambulisha gari la wakati huo ni rejeta na magurudumu. Ford Model T za hadi mwaka wa 1916 zilikuwa na rejeta yenye fremu ya shaba. Kuanzia modeli ya 1917, fremu hiyo ilipakwa rangi nyeusi na kingo zake zikaviringwa. Hata katika picha isiyo na rangi tofauti hiyo huonekana wazi, kwa maana shaba hung'aa na kuacha ukingo mweupe kuizunguka rejeta. Utengenezaji wa Model T ulikoma mwaka wa 1927 na nafasi yake ikachukuliwa na Model A. Spoku nene za mbao kwa kawaida huelekeza miaka ya 1920 au kabla yake, ilhali magurudumu ya chuma yasiyo na spoku huelekeza miaka iliyofuata.

Herufi za usajili

Baada ya umbo, shahidi wa pili ni kibao cha nambari. Kabla ya mwaka wa 1989, magari ya Kenya katika miongo ya karibu na uhuru yalisajiliwa kwa herufi tatu zilizoanza na K, zikafuatwa na tarakimu. Tangu 1989 herufi ya nne imekuwa ikiongezwa mwishoni. Kwa hiyo gari lenye kibao cheusi, herufi tatu nyeupe na tarakimu peke yake ni la mfumo wa zamani, hata kama picha yenyewe ilipigwa baadaye.

Herufi hizo zilitolewa kwa mpangilio, na picha moja yenye tarehe ya hakika husaidia kukadiria nyingine. Mfano mmoja unaojulikana sana ni Volvo PV544 yenye nambari KHT 184, ambayo Joginder Singh na nduguye Jaswant walishindia mbio za magari za Safari Rally mwaka wa 1965. Gari la Kenya lenye herufi za jirani na KHT huweza kukisiwa kuwa lilisajiliwa katikati ya miaka ya 1960. Volvo hiyohiyo inatoa onyo pia. Haikuwa mpya, Joginder aliinunua ikiwa imekwisha kutumika. Kibao cha nambari huonyesha gari lilisajiliwa lini nchini, si lilitoka kiwandani lini. Pengo hilo lilizidi kupanuka kuanzia miaka ya 1990, wakati magari yaliyotumika Japani yalipoanza kuingia kwa wingi.

Kibao pia husema gari lilikotoka. Nambari za Uganda zilianza na U. Magari yaliyovuka mipaka yalibandikwa herufi za kimataifa: EAK kwa Kenya, EAU kwa Uganda, EAT kwa Tanganyika na EAZ kwa Zanzibar. Usukani nao ni ushahidi. Afrika Mashariki ya Waingereza iliendesha upande wa kushoto wa barabara, hivyo usukani ulikuwa kulia. Picha ya Nairobi inayoonyesha usukani kushoto ina maelezo mawili ya kawaida: ama gari lilitoka nchi nyingine, kwa mfano Kongo, ama picha imechapishwa ikiwa imegeuzwa. Maandishi yoyote yaliyo pichani, hata ya tangazo la soda ukutani, hutatua swali hilo papo hapo.

Kusoma uso

Viwanda vilibadilisha sura za magari kidogo kidogo, na mabadiliko hayo madogo ndiyo humpa mtazamaji tarehe. Land Rover ni mfano mzuri, kwa kuwa kwa mbali zote hufanana. Series I zilitengenezwa kati ya 1948 na 1958, zikafuatwa na Series II. Kwa miaka mingi taa kubwa zilikaa katikati, kando ya grili. Mwishoni mwa miaka ya 1960 zilihamishiwa kwenye madigadi. Mwaka wa 1971 Series III ilikuja na grili ya plastiki. Picha ya Land Rover yenye taa katikati, hata ikiwa imefunikwa turubai na kujengewa viti vya abiria, msingi wake ni wa kabla ya mabadiliko hayo.

Kombi ya Volkswagen husomeka kwa urahisi zaidi. Za hadi mwaka wa 1967 zina kioo cha mbele kilichogawanywa katikati, na zilizofuata zina kioo kimoja kilichopinda. Kati ya hizi za kioo kimoja, indiketa zilizo chini karibu na bampa ni za kabla ya nusu ya pili ya 1972. Zilizo juu, kando ya matundu ya hewa, ni za baadaye. Kampuni za utalii ziliongeza ugumu mwingine. Zilikata paa na kuweka sehemu inayoinuka ili watalii wasimame na kutazama wanyama. Paa hilo halionyeshi mwaka wa kiwanda. Linaonyesha kazi ya gari.

Kwa upande wa Peugeot, 404 iliyotoka mwaka wa 1960 hutambulika kwa mapezi yaliyochongoka juu ya taa za nyuma. 504 iliyotoka mwaka wa 1968 haina mapezi, na mteremko wa buti lake umevunjika. Wakenya waliipenda 404 kwa sababu ya Safari Rally: ilishinda mwaka wa 1963, kisha mara tatu mfululizo, 1966, 1967 na 1968. Gari lililomaliza matope ya Safari lilionekana kuwa halitashindwa na barabara za vijijini, na pikapu yake ikawa msingi wa matatu nyingi.

Kibera, Kawangware na gari lisilo na leseni

Historia ya bodi za mafundi iliingia awamu mpya mipaka ya Nairobi ilipopanuliwa mwaka wa 1963. Kibera ilikuwapo tangu mwanzoni mwa karne ya ishirini, kwani wanajeshi Wanubi wa jeshi la King's African Rifles walipewa makazi huko. Kwa upanuzi huo, Kawangware na sehemu nyingine za Dagoretti nazo zikawa za jiji. Kampuni ya Kenya Bus Service, iliyoanza mwaka wa 1934, ndiyo iliyokuwa na haki ya kusafirisha abiria mjini, lakini mabasi yake hayakutosha kwa mitaa iliyokuwa ikifurika watu. Pengo hilo lilijazwa na wenye pikapu na vani.

Hadi mwaka wa 1973, magari hayo yalikuwa haramu. Ndiyo maana matatu za kabla ya hapo ni ngumu sana kutambua katika picha. Mwenye gari hakuwa na sababu ya kuandika njia wala nauli ubavuni, na kwa macho ya polisi lilipaswa kuonekana kama gari la mizigo. Dalili zinazobaki ni ndogo: benchi za mbao zinazoonekana kupitia mlango wa nyuma, kidato cha kupandia kilichochakaa, au watu wengi kuliko mzigo. Ford Thames, Kombi kuukuu na pikapu za Peugeot ndizo zilizotumika sana.

Mwaka wa 1973, Rais Jomo Kenyatta aliamuru matatu ziruhusiwe kubeba abiria bila leseni maalumu ya uchukuzi. Kuanzia hapo matatu ilijitokeza hadharani, na picha zikabadilika. Bodi ziliongezwa urefu, keria zikawekwa juu, na nambari za njia zilizokuwa za mabasi zikaandikwa mbele. Nambari hizo hatimaye ziligeuka majina ya mahali. Mkazi wa Kawangware husema anaishi 46 au 56, na kila mtu huelewa. Kwa picha isiyo na maelezo, nambari ya njia ni hazina: 8 huelekeza Kibera, 46 Kawangware, 111 Ngong.

Matatu ya miaka hiyo iliyojengwa juu ya pikapu huweza kuchambuliwa kipande kwa kipande. Kebini hubaki ya kiwanda: milango miwili, kioo cha mbele na grili yenye nembo, iwapo haijang'olewa. Nyuma ya kebini huanza fremu ya mbao au ya vyuma vya pembe iliyofunikwa mabati bapa. Paa lake huwa juu kuliko la kebini, na hatua hiyo kati ya mapaa mawili ndiyo alama ya haraka zaidi ya kazi ya fundi. Madirisha huwa matundu ya mraba yasiyo na vioo, yenye turubai iliyokunjwa juu yake kwa ajili ya mvua. Ndani mna benchi mbili zinazotazamana, ndizo zilizozipa matatu hizo jina la face-me. Mlango uko nyuma, na chini yake kuna kidato ambapo makanga, yaani kondakta, alining'inia. Bodi hupita magurudumu ya nyuma kwa kipimo kikubwa, hivyo gari likijaa pua huinuka. Pua iliyoinuka pichani ni ishara ya abiria waliojaa hata kama hawaonekani.

Mazingira nayo husaidia kukadiria tarehe. Picha ya katikati ya jiji inayoonyesha hoteli ya Hilton haiwezi kuwa ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1960, kwani hoteli hiyo ilifunguliwa mwaka wa 1969. Jumba la mikutano la KICC lilikamilika mwaka wa 1973. Kibao cha barabara chenye jina Government Road ni cha kabla ya barabara hiyo kuitwa Moi Avenue, na Grogan Road ndiyo Kirinyaga Road ya leo, maarufu kwa maduka ya vipuri.

Magari yaliyounganishwa nchini

Katikati ya miaka ya 1970, Kenya ilianza kuunganisha magari yake. Leyland Kenya ilifungua kiwanda Thika, Associated Vehicle Assemblers ikawa Mombasa, na General Motors Kenya ikawa Nairobi, ambako Isuzu ziliunganishwa. Kwa mtambuzi wa picha, hatua hiyo ilikuwa na matokeo mawili. Aina za magari barabarani zilipungua na kufanana zaidi. Na kwa kuwa lori la Isuzu lilitoka kiwandani likiwa kebini na chesisi tupu, wajenzi wa bodi walipata kazi ya kudumu. Sheria ya mwaka wa 1984 iliitambua matatu rasmi kuwa gari la umma lisilozidi abiria 25, na kuidai leseni na ukaguzi. Pikapu za mbao zikaanza kupungua, na bodi za chuma zenye viti vinavyotazama mbele zikaongezeka.

Katika kipindi hicho yapo magari machache ya kipekee ambayo huwatatiza hata wajuzi. La kwanza ni Nyayo Pioneer. Mwaka wa 1986, Rais Daniel arap Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya. Kazi ilifanyika kwa msaada wa karakana za Shirika la Reli na taasisi nyingine, na magari matano ya majaribio yakaonyeshwa mwaka wa 1990. Umbo lake ni la saluni ndogo ya pembe kali, la mtindo wa miaka ya 1980, na halina nembo ya kiwanda cha ng'ambo. Kwa kuwa yalikuwa matano tu na hayakuwahi kuuzwa, picha yoyote ya Nyayo Pioneer ni ya mradi wenyewe au ya maonyesho. Shirika lililoanzishwa kuyaunda ndilo baadaye lililogeuzwa Numerical Machining Complex.

La pili ni Africar. Mwaka wa 1984, Mwingereza Tony Howarth alianza safari ya kutoka kaskazini ya mbali ya Ulaya hadi Ikweta nchini Kenya kwa magari yenye bodi ya plaiwudi na mitambo ya Citroën. Mtu anayeliona pichani gari la mbao zilizokatwa bapa, lisilo na kona ya mviringo hata moja, huweza kudhani ni kazi ya mafundi wa jua kali. Kilichojengwa Uingereza hapo ni bodi, na kilichotoka Ufaransa ni mitambo.

Rangi, mistari na mabasi ya ghorofa

Katika miaka ya 1990, sura ya matatu ilibadilika tena. Nissan na Toyota Hiace ziliingia, na kwa sababu zilikuwa vani kamili, fundi hakuwa na haja ya kujenga bodi. Ustadi wake ulihamia katika rangi, muziki na taa. Wakati huohuo, matatu za mapambo ziitwazo manyanga, zilizojengwa juu ya chesisi za Isuzu na Mitsubishi, zilichorwa wanamuziki, wanasoka na misemo ya vijana. Michoro hiyo ni kalenda ya aina yake. Msanii au mchezaji aliyechorwa humwambia mtazamaji kuwa picha haikupigwa kabla mtu huyo hajapata umaarufu.

Mabasi makubwa pia yalikuwa na upekee wake. Stagecoach ya Uskoti ilipoichukua Kenya Bus Service mwaka wa 1991, iliingiza mabasi ya ghorofa aina ya Dennis Dragon. Baadhi yake yalipelekwa nje ya Kenya na kuendelea na kazi Manchester, Uingereza. Kwa hivyo basi lilelile huweza kuonekana katika picha za miji miwili ya mabara mawili, na ni nambari ya usajili tu inayotenganisha.

Tarehe iliyo rahisi kuliko zote ni 1 Februari 2004. Siku hiyo kanuni za Waziri wa Uchukuzi John Michuki zilianza kutekelezwa: kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, mikanda kwa kila kiti, sare za wahudumu, na mstari wa njano ubavuni. Matatu yenye mstari huo ni ya baada ya kanuni. Iliyochorwa kila mahali bila mstari kwa kawaida ni ya kabla yake, au ya kuanzia mwisho wa 2014, Rais Uhuru Kenyatta alipowaunga mkono vijana wanaochora matatu na michoro ikarudi kwa kishindo. Vipindi hivyo viwili hutofautishwa na gari lenyewe: matatu za sasa za michoro, ziitwazo nganya, hujengwa juu ya chesisi kubwa kama Isuzu NQR, zina vioo vikubwa vyeusi, na rangi yake hunyunyizwa kwa bomba la hewa. Mwaka huohuo wa 2014, kiwango cha Kenya KS 372 cha ujenzi wa bodi za magari ya abiria kilitolewa upya, na kazi ya fundi ikapata vipimo vya kufuata.

Mitego ya kuepuka

Makosa mengi ya utambuzi hutokana na kuamini kipande kimoja. Nembo si ushahidi wa kutosha, kwani grili ya Peugeot moja ilihamishiwa nyingine ajali ilipotokea. Taa zilibadilishwa kwa zile zilizopatikana Kirinyaga Road. Rangi ilipakwa upya kila gari lilipouzwa. Injini ya dizeli iliwekwa mahali pa ile ya petroli, na hilo halionekani pichani kamwe. Vitu visivyobadilishwa kwa urahisi ni umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, umbo la milango ya kebini, mkunjo wa kioo cha mbele na mahali bawaba zilipo. Gari hutambuliwa kwa hivyo kwanza. Vingine huthibitisha tu.

Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka iliyoko Moi Avenue na maktaba za magazeti zina picha nyingi za mabasi na misafara ya viongozi, lakini matatu za face-me za Kibera na Kawangware hazikupigwa picha rasmi mara nyingi. Zimo katika albamu za nyumbani, nyuma ya bwana harusi au mtoto aliyevaa nguo za Krismasi. Mwenye albamu ya namna hiyo aandike leo kwa penseli nyuma ya kila picha: mahali, mwaka, gari lilikuwa la nani, na lilijengwa gereji gani. Mambo mengine mtambuzi atayasoma mwenyewe. Jina la fundi halisomeki popote pichani, na wanaolikumbuka wanazidi kupungua.